Msitu Nyuma ya Korido

Mume alikwenda jikoni kunywa maji, akarudi suruali imelowa mpaka magotini.

Mkewe hakuinua macho mara moja. Alikuwa kwenye meza yake ya kuandikia, chumba cha mbele, na jua la jioni lilikuwa bado dirishani. Alichokiona kwanza ni mbegu za kishona nguo, zile nyeusi zinazong'ang'ania kitambaa kama kupe, zimejaa miguu yote miwili ya suruali kana kwamba mtu kakatisha kichakani. Jikoni kwao hakukuwa na kichaka. Kulikuwa na jiko la gesi, sinki, na kabati lililogoma kufungika.

"Umetoka nje?" akauliza.

"Nje nikafanye nini? Si nimekwenda kunywa maji."

"Na hiyo suruali?"

Mume akajitazama miguu kama anayetazama miguu ya mtu mwingine. "Basi bomba limenirukia," akasema, akacheka. Lakini alikaa akizibandua zile mbegu mojamoja, kimyakimya, na kucheka hakucheka tena jioni ile.

Alikuwa fundi wa mafriji, mtu wa mwili na wa maneno, na hata mkewe alimwita Fundi. Mke naye aliandika riwaya za mapenzi na mashaka. Zote zilikuwa za porini: mwanamke kapotea, adui yuko nyuma yake, mvua inamwagika, na mwanamume asiyejulikana atokako anamshika mkono gizani. Wasomaji walizigombania. Msikilizaji wa kwanza siku zote alikuwa Fundi. Alisomewa kila sura kwa sauti, miguu yake ikiwa mapajani mwa mkewe, na kila ikifika mahali pa mahaba alijifanya kakabwa na kikohozi.

Kabla ya hapo waliwahi kwenda msituni, na kilichowapeleka ni neno la mhariri. "Wapenzi unaowaandika wako hai, dada," alimwambia. "Msitu wako ndio umekufa. Unanuka karatasi." Neno lile lilimchoma mwandishi, akalala nalo, akaamka nalo. Mwisho Fundi akafunga duka, wakaenda kulala siku kadhaa kwenye kibanda cha mlinzi wa msitu, ili mke akaone majani halisi na kusikia usiku halisi.

"Humu mna wenyewe," mlinzi aliwaambia siku ya kwanza, huku ananoa panga. "Ukiitwa, tazama kwanza nani anakuita. Usipomwona mtu, funga mdomo wako."

Fundi alichukulia mzaha. Mkewe alichukulia kuwa ni sentensi nzuri ya kitabuni.

Asubuhi moja alikuwa peke yake kijitoni, miguu majini, ndipo aliposikia mluzi nyuma ya miti. Ulikuwa mluzi wa Fundi, ule wa kupanda na kushuka, anaompigia kila akifika mlangoni kutoka kazini. Utamu wa mahali pale ulikuwa umeshamlevya. Akajibu kwa sauti ya wanawake wa vitabu vyake: "Nipo hapa, mpenzi wangu. Njoo unichukue."

Ndege wote wakanyamaza. Hakuna aliyetokea.

Aliporudi kibandani alimkuta Fundi amelala fofofo, anakoroma, na mlinzi akaapa kwamba mgeni wake hajatia mguu nje tangu usiku. Mwandishi alijiambia ni upepo, na waliporudi mjini akaketi kuandika.

Ajabu ni kwamba aliandika kama hajawahi. Mwanamume wa kitabu kile kipya hakuwa na jina, na kila alipotokea ukurasani, mwandishi alihisi mkono wake mwenyewe unapungua uzito, kana kwamba kuna anayemsaidia kuubeba. Chumba kilianza kunuka majani yaliyolowa. Alifungua dirisha, harufu ikazidi. Akalifunga tena, na, niseme kweli, hakuchukizwa.

Baada ya ile suruali, Fundi alianza kupotea ndani ya nyumba.

Mara ya kwanza walicheka wote wawili. Nyumba ya vyumba vitatu, mtu anahitaji ramani? Kakosa mlango wa bafu, si kitu, ni uchovu. Lakini Jumapili moja mchana alikwenda chumbani kuchukua miwani, na mkewe akaandika ukurasa, akaandika wa pili, akamaliza sura nzima, ndipo akasikia anaitwa.

"Mke wangu!"

Sauti ilikuwa ya Fundi, ila ilitoka mbali, kama ya mtu aliye ng'ambo ya bonde, na nyuma yake ukafuata mwangwi. Mwandishi akasimama kwenye mdomo wa korido. Korido yao ilikuwa fupi, ukinyoosha mikono ungedhani utagusa ukuta wa mwisho, na mwisho wake siku zote palikuwa na kalenda ya duka la vipuri. Sasa kalenda haikuonekana, kulikuwa na kiza cha kijani tu kilichokuwa kikivuta hewa na kuitoa polepole kama kifua cha mtu aliyelala, na alipotaka kupiga hatua akasikia nyuma yake, kwenye kiti alichotoka kukikalia, mtu akijiweka sawa, mbao zikilia chini ya uzito wake, kisha pumzi ndefu ya ridhaa ikaja mpaka shingoni mwake, ya uvuguvugu, yenye harufu ya gome la mti na ya mnyama aliyenyeshewa.

Hakugeuka. Macho aliyaelekeza kule kule koridoni mpaka kiza kikafifia, kalenda ikarudi mahali pake, na Fundi akatokea akijishika ukuta. Shavu lake lilikuwa limechanwa na miiba. Viganja vilikuwa na utelezi wa kijani.

"Korido imerefuka," akanong'ona.

"Sema polepole."

"Nakwambia nimetembea. Miti, mke wangu. Nakuona wewe kwa mbali, kwenye mwanga, mgongo wako, na nikikuita hunisikii." Akajifuta viganja kwenye shati. "Na kuna mtu nyuma yako. Amekuwekea mkono begani."

"Usiseme."

"Ni nani?"

"Nimekwambia usiseme!"

Usiku ule walilala wameshikana mikono. Lakini kulipokucha, Fundi alipokwenda kazini, ambako hakuwahi kupotea hata siku moja, mwandishi alirudi mezani. Alijiambia ni sura moja tu. Mtu akishaonja kusaidiwa namna ile, kuacha ni shida.

Aliyeuona ukweli ni wifi yake, dada wa Fundi, mwanamke asiyejua kuzunguka maneno. Alikuja kusalimia, akamtazama kaka yake, akamtazama na mkewe, akaweka mkoba chini.

"Wifi, kaka yangu anakwisha kama sabuni iliyosahaulika majini. Na wewe unang'aa kama bibi harusi. Humu ndani mnaishi wangapi?"

Mwandishi akafungua mdomo, kikatoka kilio.

Kesho yake wifi alirudi na mganga. Alikuwa mama mfupi, miwani yake imefungwa kwa waya, na kutoka mlangoni tu alianza kutoa jasho. Aliombwa akae, akakataa. Aliitazama meza, akakitazama kile kiti, akasogea mbali nacho.

"Nani kamwita?" akauliza kwa sauti ya chini.

Mwandishi akaeleza yote: kijito, mluzi, jibu alilolitoa.

"Mpenzi wangu," mganga akarudia, akitikisa kichwa. "Kwenu ninyi hilo ni neno la vitabuni, mnalinunua na kuliuza. Kwa hawa ni ndoa. Huyu hana ugomvi na mumeo, mwanangu. Anamsogeza tu, kama mtu anavyotoa kiti kilichozidi chumbani. Kila siku kidogo. Mumeo mwenyewe yuko wapi?"

"Anaoga," wifi akajibu.

Wakasikiliza. Maji ya bafu yalikuwa yanamwagika, na yalikuwa yanamwagika tangu walipoingia. Wifi akaenda kusukuma mlango. Maji yalitoka bombani, sabuni ilikuwa na povu bichi, na mtu hakuwemo.

Harufu ya majani ikaja kwa nguvu mpaka wifi akaziba pua. Kiza cha kijani kikashuka koridoni mchana kweupe, na kutoka ndani yake, mbali sana, ikasikika sauti ya mwandishi mwenyewe, tamu, taratibu, ikiita: "Njoo, kipenzi cha roho yangu. Njoo huku, nuru ya macho yangu. Usirudi nyuma."

Mwandishi aliyekuwa amesimama pale, midomo kaifumba, akaikimbilia korido. Akapiga kelele: "Mpenzi wangu! Mimi niko huku! Nuru ya mach…"

Mganga akamziba mdomo kwa kiganja. "Hayo anayajua. Si umemwandikia yote? Mumeo huko aliko anasikia wanawake wawili wenye sauti moja na maneno yale yale, atamfuata yupi? Mwite kwa yale usiyowahi kuyatia kitabuni."

Mwandishi akatafuta moyoni, na alichokikuta hakikuwa kizuri hata kidogo.

"Wewe mwanamume!" akafoka kuelekea kizani. "Taulo limelowa, umeliacha kitandani tena! Nimesema mara ngapi? Soksi moja iko chini ya kochi, nyingine anaijua Mungu! Umekoroma usiku kucha mpaka jirani kagonga ukuta! Dada yako huyu hapa, umemwahidi kumtengenezea friji tangu mwaka juzi, ukimwona unajifanya kiziwi! Na ile harusi ya binamu yako sijakusamehe! Uliniacha nimesimama peke yangu kama mwiko, ukaenda kutazama jenereta!"

Ile sauti tamu ikanyamaza, kama mtu aliyetega sikio.

Kisha, kwa mbali: "Jenereta lilikuwa linawaka moto!"

"Lilitoa moshi tu!"

"Moshi ndio mwanzo wa moto, mwanamke!" Sauti ilikuwa imesogea.

"Na wewe nani alikuita? Ulikuwa fundi wa pale?"

"Kwa hiyo ningeacha watu waungue? Kwa ajili ya kukushikia pochi?"

Wakagombana hivyo hivyo, wifi akilia, mganga akinyunyiza maji kizingitini na kunong'ona yake, mpaka mkono uliojaa matope ukatoka kizani ukashika fremu ya mlango. Mwandishi akaudaka kwa mikono yote miwili. Akavuta. Fundi akaanguka sakafuni, kajifunga taulo, majani makavu nywele nzima, na bado alikuwa anasema juu ya jenereta.

Ndani ya chumba cha mbele, kile kiti kikaanguka chenyewe.

Zile karatasi walizichoma siku hiyo hiyo, na mhariri akaambiwa kitabu kimekufa. Mganga alipokuwa anaondoka, mwandishi alimshika mkono kumshukuru, naye akautoa mkono wake taratibu.

"Mumeo nimemtoa," akasema. "Yule mwingine sijui kama nimemtoa. Alinyamaza tu, na mimi simpendi anayenyamaza. Mume wako akiwa chumba kingine, usimwache bila sauti yako."

Jioni ile Fundi alimwambia mkewe jambo moja, akitazama sakafu. "Kule kulikuwa na wewe mwingine. Mpole. Hakunilaumu kwa lolote." Akakuna kidevu. "Nilimfuata kipande, sikufichi."

"Na mimi nilikaa mezani nikiandika," mkewe akajibu. "Hatudaiani."

Wakaishi vizuri kuliko zamani. Fundi akanenepa. Akienda jikoni mkewe anamfokea kuhusu chumvi, akienda bafuni anamfokea kuhusu sabuni, naye anajibu kila neno, mpaka majirani wakasema ndoa ile haitamaliza mwaka. Hawakujua kwamba wale wawili walikuwa wanacheka. Mwandishi alianza riwaya nyingine, ya mjini, yenye ghorofa na taa barabara nzima.

Msimu wa baridi ulipoingia, mwandishi akashikwa na mafua mabaya. Homa ilipanda, koo likavimba, na siku iliyofuata aliamka hana sauti kabisa. Fundi hakufungua duka. Alimkanda kwa kitambaa, akamtania kwamba hatimaye nyumba imepata amani, na mchana, alipomwona anatetemeka, akasimama.

"Ngoja nikuletee blanketi la pili. Liko chumba cha nyuma."

Mwandishi akamshika shati. Fundi akatabasamu, akavibandua vidole vyake kwa upole. "Ni hapo tu, mke wangu. Sasa hivi narudi."

Akatoka. Mwandishi akasikia kabati likifunguliwa. Akajitahidi kukohoa, akagonga ukuta kwa ngumi, na katikati ya kugonga akaisikia, kutoka kule nyuma, sauti yake mwenyewe. Safari hii haikuwa tamu. Ilikuwa kali, ya haraka, yenye kile kicheko kilichojificha chini ya ukali, kicheko ambacho yeye alidhani ni watu wawili tu duniani wanaokijua.

"Wewe mwanamume, blanketi moja unatafuta mwaka mzima? Na hayo mashati umeyakunja au umeyatafuna? Hebu njoo huku uone ulichokifanya!"

Akajitupa chini kutoka kitandani, akatambaa, akasimama, akakimbia akijigonga kuta, mdomo wazi, na kooni hakukutoka hata mkwaruzo. Chumba cha nyuma kilikuwa kitupu. Dirisha lilikuwa na komeo kwa ndani. Blanketi lilikuwa sakafuni, nusu limekunjwa, na kando yake unyayo mmoja wa maji ulioelekea ukutani.

Nyuma ya ukuta ule, mbali, mbali kuliko nyumba ilivyoweza kufika, majani makavu yalikuwa yanakanyagwa na watu wawili, na Fundi alikuwa anacheka.

"Haya, mama, nakuja. Si nakuja? Usinimalize."