Glasi ya Marehemu

Saa mbili asubuhi.

Chumba cha nyuma cha karakana ya matairi, mjini Telavi, Jojia. Dirisha limezibwa kwa gunia. Jumberi alisimama, akamega mkate, akaudondoshea mvinyo kwa ncha ya kidole. Midomo yake ikacheza. Hakuna aliyesema neno mpaka alipomaliza. Miaka thelathini alikuwa mwizi, lakini hakuna siku aliyokunywa bila kuwataja wafu wake. Aliamini kwamba mfu asiyetajwa huja kumtafuta aliyemsahau.

"Siku hizi unawataja muda mrefu," Nutsa akasema.

"Wewe huna wa kuwataja. Mshukuru Mungu." Akaketi. "Sikilizeni. Bibi Pelo, yule mwenye shamba la mizabibu, ana bakuli la fedha la babu zake, lina maandishi ya dhahabu ukingoni. Mnunuzi anangoja Tbilisi. Nutsa, wewe ndiye mwongoza watalii, kama kawaida yako. Umeleta Wajerumani wanne wa kweli, hawajui kitu. Mimi ni mtalii wa tano. Mreno."

"Kwa nini Mreno?" akauliza Malkhazi, dereva.

"Mjojia akikaa kwenye meza ile ataulizwa ni mwana wa nani. Jina langu bonde zima wanalijua. Mreno haulizwi." Akaendelea. "Bibi ataonyesha bakuli, atalirudisha sebuleni, chini ya picha takatifu. Ikifika glasi ya marehemu, ile ya kuwakumbuka wafu, watu wote wanasimama. Pale hakuna anayegeuza shingo. Nutsa anaingia ndani, anabeba, anatia kwenye begi la kamera. Malkhazi, gari litazame barabara."

"Basi Mreno asimwagie mkate mvinyo," Nutsa akasema. "Wareno hawafanyi hivyo. Yule bibi ana macho."

"Mkono nitauzuia."

Malkhazi hakucheka. Kazi hii hakuipenda, lakini nafasi ya kukataa hakuwa nayo. Mdogo wake, Anzori, alivuka kwenda Uturuki na watu wa Jumberi, na tangu masika sauti yake haijasikika. Jumberi alimwambia neno moja tu: kazi ikiisha salama, Anzori anarudi. Ukinigeuka, harudi. Mama yao, Ketino, kule kijijini Nukriani, kila Jumapili alikuwa akiwasha mshumaa wa Anzori kanisani, upande wa walio hai, si ule wa marehemu.

Saa sita mchana.

Ilikuwa wiki ya mavuno. Wavunaji walikuwa wameinama kwenye mizabibu, visu vifupi mkononi. Gari likapita katikati yao, Malkhazi akaligeuza uani, pua ikitazama barabara.

Bibi Pelo aliwapokea mlangoni mwa ghala, amevaa nguo nyeusi za ujane. Meza ilikuwa imewekwa humohumo ghalani, kando ya mitungi iliyozikwa ardhini hadi shingoni. Vinywa vya mitungi vilikuwa wazi. Ndani mvinyo mpya ulichemka wenyewe, ukitoa sauti kama watu wanaonong'ona.

"Na huyu mwenye masharubu?" akauliza.

"Mreno, bibi," Nutsa akajibu. "Haelewi chochote."

"Maskini. Mpe jibini."

Jumberi akatabasamu kama mjinga. Malkhazi alikaa ubavuni mwake na glasi ya maji. Dereva hanywi, hilo hata bibi hakulibishia.

Bakuli likaja. Wajerumani wakalipiga picha. Bibi akalifuta kwa aproni, akalirudisha sebuleni mwenyewe. Wakanywa glasi ya amani. Wakanywa ya wageni. Mjerumani mmoja akaanza kuimba, mkewe akamfinya.

"Mvumilie, mwanangu," bibi akamwambia mke, Nutsa akitafsiri. "Wangu alikuwa anaimba vibaya zaidi, na leo ningetoa shamba zima nimsikie."

Malkhazi alikuwa ameufumbata ufunguo wa gari kiganjani. 

Saa saba na nusu.

Bibi Pelo akasimama. Wote wakasimama. Nutsa akashika tumbo, akanong'ona habari ya choo, akatoka.

"Walio mbele ya Mungu," bibi akasema. "Kila mtu awataje wake, hata kimoyomoyo."

 Mitungi tu ndiyo iliyonong'ona.

Malkhazi akatupa jicho pembeni. Mkono wa Jumberi ulikuwa umetulia kwenye glasi. Kisha ukamshinda. Ukashuka. Kidole kikaingia kwenye mvinyo, tone likaanguka kwenye mkate. Midomo ikacheza, karibu kabisa na sikio la Malkhazi.

"Mama yangu Tsiala. Baba yangu Grigoli." Tone jingine. "Anzori wa Nukriani, mwana wa Ketino. Nisamehe."

 Malkhazi aliutazama mkate ule uliolowa. Ng'ambo ya meza, Bibi Pelo naye alikuwa akiutazama.

Nutsa akarudi. Begi la kamera lilikuwa limevimba. Akaitikia kwa kichwa mara moja.

"Twende," Jumberi akanong'ona, kwa Kijojia.

"Mreno wako amejifunza upesi," bibi akamwambia Nutsa.

Malkhazi akaisukuma kando glasi ya maji. "Bibi, nipe mvinyo. Nina wangu wa kumtaja."

"Wewe unaendesha, mwanangu."

"Leo siendeshi."

Bibi akamtazama, akammiminia. Malkhazi akaunywa wote, akadondosha tone la mwisho kwenye mkate. "Anzori," akasema, kwa sauti ya kusikika. Kisha akapiga hatua mbili hadi kwenye mtungi ulio karibu, akanyoosha mkono juu ya kinywa chake. Ufunguo ukaning'inia kwenye kidole.

Bastola ikatoka chini ya koti la Jumberi. Wajerumani wakajibanza ukutani. Nutsa akaliweka begi chini taratibu, akarudi nyuma.

"Lete hapa," Jumberi akasema.

"Nani alimuua?"

"Alitaka kurudi nyumbani. Alikuwa anajua mengi."

"Nani, Jumberi?"

"Mimi. Lete ufunguo nikuonyeshe alikolala. Ukiutupa, mama yako hatapata hata pa kuweka ua."

Hapo Malkhazi akaanza kuurudisha mkono. Alimwona mama yake kanisani, kiberiti mkononi. Akamwona pia akipewa habari hii na mtu huyu, kwa bei ya kumwacha atoroke.

"Utasema," akajibu. "Umemtaja mwenyewe leo. Kesho atakuja umtaje tena."

Ufunguo ukazama bila sauti. Mtungi ule ulikuwa na kina cha mtu na nusu.

Risasi ikapiga. Ilimpata Malkhazi begani, akaanguka juu ya maganda ya zabibu. Jumberi akakimbilia nje, akaingia mizabibuni. Lakini mlio ulikuwa umewainua wavunaji mstari kwa mstari, na kila mmoja alikuwa na kisu mkononi. Alisimama katikati yao, akazunguka mara moja, akaitupa bastola.

Saa tisa.

Polisi waliwaweka watatu gari moja, pingu mikononi, bega la Malkhazi limefungwa kwa aproni ya Bibi Pelo. Nutsa alilia kiti cha mbele. Jumberi alitazama dirishani mpaka walipovuka daraja la mto Alazani.

"Hopa, kule Uturuki," akasema, bila kugeuka. "Nyuma ya kiwanda cha chai, chini ya mti wa hazeli. Niliweka jiwe jeupe."

Malkhazi akafumba macho.

Jumapili iliyofuata Ketino aliingia kanisani na mshumaa wake. Alisimama kwa muda mahali pake pa siku zote. Kisha akauhamishia upande wa pili.