Milembe na Pedali Zinazoteleza

Milembe alikuwa na baiskeli ndogo nyekundu. Zamani ilikuwa ya dada yake.

Siku moja Milembe hakutulia. Alikaa, akainuka. Akaenda barabarani, akarudi. Uji wake ukapoa.

Kesho yake Mama angerudi kutoka hospitali na mtoto mchanga! Basi lingewashusha njia panda, juu ya kilima.

Milembe aliomba kwenda kuwapokea, kwa baiskeli yake mwenyewe. Baba akakubali, ila kwanza aweze kupanda kilima bila kuanguka.

Basi Milembe akajaribu.

Kanyaga, kanyaga, kanyaga…
Sruu! Mguu ukateleza.

Puu! Akaanguka.

Akazitazama pedali. Zilikuwa zimelika. Zilikuwa laini kama sabuni iliyolowa.

Akazifunga kitambaa. Akajaribu tena.

Kanyaga, kanyaga, kanyaga…
Sruu! Mguu ukateleza.

Akavua viatu. Akajaribu tena.

Kanyaga, kanyaga…
Sruu!

Milembe akakaa chini. Goti lilimuuma. Je, kama kesho ataachwa nyumbani? Machozi yakamtoka.

Mara Baba akaja na baiskeli yake kubwa. Kwa-ta-kwa, kwa-ta-kwa, juu ya mawe.

Nyuma, kwenye keria, kulikuwa na madumu ya maji. Yalifungwa kwa mpira mweusi wa tyubu kuukuu.

Milembe akayasukuma madumu. Hayakusogea. Akasukuma kwa nguvu. Hayakusogea hata kidogo.

"Baba," akasema, "huu mpira hautelezi."

Baba akautazama mpira. Akazitazama pedali. Kisha akaingia ndani, akatoka na tyubu nyingine na kisu.

Kwanza wakafungua kile kitambaa, wakazisugua pedali kwa sabuni. Chwa, chwa, chwa. Mafuta yote ya mnyororo yakatoka. Wakazikausha.

Baba akakata mpira, vipande virefu vyembamba. Milembe akavizungusha kwenye pedali.

Vuta, zungusha. Vuta, zungusha.

Baba akamwambia avute zaidi, mpira usilegee. Milembe akavuta mpaka akauma meno. Baba akafunga fundo.

Milembe akashika usukani. Moyo ukamdunda. Du, du, du.

Kanyaga, kanyaga, kanyaga…
Mguu ukashika.

Kanyaga, kanyaga, kanyaga…
Mguu ukashika.

Akafika juu! Baba alikuwa nyuma yake, akihema.

"Kesho tunakwenda wote," Baba akasema.

Kesho yake basi lilichelewa. Milembe akazunguka njia panda, akazunguka tena. Kisha, vuuum, basi likaja.

Mama akashuka polepole, na mtoto kifuani ndani ya kitenge.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na baiskeli?"

Milembe akatikisa kichwa kukubali.

Jioni, baada ya kula, Mama alimkalisha Milembe mkekani. Akamwekea mtoto mapajani.

Milembe akakaa kimya. Hakuinuka. Hakusogeza hata kidole.

Mtoto akafungua jicho moja.

"Mimi ni dada yako," Milembe akamnong'oneza.

Mtoto akapiga mwayo mdogo. Milembe naye akapiga mwayo mkubwa.

Wakalala wote wawili.