Kisanduku Kilichoachwa Wazi

Jumamosi saa tatu asubuhi duka letu la mikate hapa Frederiksbjerg, mtaa wa mji wa Aarhus, Denmark, hujaa hadi mlangoni, na kila anayeingia huchomoa kikaratasi cha namba kabla hata ya kusalimia. Watu wa Aarhus tunasamehe mengi, lakini kuruka foleni hatusamehe. Siku hiyo Asger Lindtoft alichomoa chake, mashine ikamtemea viwili vilivyoshikana: arobaini na sita na arobaini na saba.

Alisubiri kidogo, duka likizidi kujaa, na alipogeuka alimwona mwanamke aliyevaa koti la mvua la manjano na buti za mpira zenye udongo, hereni za fedha zikicheza kila alipochungulia kabati la keki. Mkononi alikuwa na namba sitini na tatu. Moyo wa Asger ulipiga paa!

"Dada, chukua hii. Ni arobaini na saba, nimepewa ya ziada."

"Niwapite watu kumi na tano?" Alisema kwa sauti ya kusikika na wote kumi na tano. "Wewe umelelewa wapi?"

"Mji wa Odense."

"Ndiyo maana."

Duka zima lilicheka, nami nikiwemo, namba hamsini na moja. Asger aliiva uso. Lakini namba yake ilipoitwa hakwenda kaunta. Alivitia vikaratasi vyote viwili mfukoni, akachomoa kingine, akasimama nyuma ya lile koti la manjano.

"Sasa unafanya nini?"

"Napanga foleni kama watu."

"Mikate ya mbegu itakwisha, shauri yako."

"Ikwishe."

Ilikwisha kweli. Wa mwisho aliupata yeye, Vigga Rosendal, fundi baiskeli, wakaugawana nje wameegemea baiskeli zao. Mbegu zilimdondokea Asger kwenye sweta aliyofumiwa na mama yake, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. "Mama yako alikupima ukiwa umelala upande?" Vigga alimwuliza, akamkunjia ule mkono mrefu taratibu. Jamani, yule kaka alikuwa amekwisha!

Tangu hapo simu hazikupoa.

"Umeamka, mpenzi?"

"Tangu saa kumi na mbili, mvivu wewe."

"Umevaa nini?"

"Grisi hadi viwikoni. Na iache hiyo sauti, wateja wanasikia."

Asger aliandika programu za kompyuta kwa lugha ya Java kwenye ofisi moja bandarini, na kwa kujitolea aliitunza tovuti ya chama chetu cha bustani, Pilehegnet: viwanja vidogo vyenye vibanda vya mbao, ambavyo watu huvisubiri kwa miaka. Siku moja Vigga alimpeleka kwenye uzio wa kiwanja namba thelathini na moja, akamwonyesha mti wa tufaha.

"Bustani hii ilikuwa ya bibi yangu. Mti huo aliupanda siku niliyozaliwa. Alipofariki hatukuirithi, sheria ni sheria, ilikwenda kwa wa kwanza kwenye orodha. Nimesubiri miaka sita, Asger. Sasa wa kwanza ni mimi. Ikiachwa tu, yangu!"

"Ukiipata utanikaribisha?"

"Nitakupa jembe."

Mwezi wa pili likatoka toleo jipya la kiunzi cha Java kinachoibeba tovuti ya chama. Kiunzi ni mifupa iliyoundwa na wengine. Wewe unaongeza nyama yako. Asger aliliweka toleo hilo, kisha akataka kuona kama fomu ambayo wanaosubiri viwanja huhuishia majina yao bado inafanya kazi. Wao walikuwa hawajafunguliwa dirisha la kuhuisha, basi aliijaribu peke yake, kwenye tovuti ileile ya kila siku, kwa jina lake mwenyewe, ambalo alilipachika zamani mkiani mwa orodha kwa ajili ya majaribio na kulisahau. Waandishi wa programu wote wanajua hilo halifanywi, na wote wanalifanya. Fomu ilisema asante, naye akaenda kunywa kahawa.

Wiki mbili baadaye mwenye namba thelathini na moja alihamia nyumba ya wazee. Mwenyekiti wetu, Mama Bodil, aliichapisha orodha na kuibandika ubaoni. Simu ya Asger ikalia.

"Asger Lindtoft!"

"Mbona leo majina yote mawili, mpenzi? Nimekosa nini?"

"Wa kwanza kwenye orodha ni Asger Lindtoft. Wa pili ni Vigga Rosendal. Niambie mjini kuna Asger Lindtoft mwingine."

"Vigga, sijui imekuwaje. Najitoa leo hii..."

"Ujitoe waseme nimepewa na bwana'ngu? Tovuti unaishika wewe peke yako. Kumbe siku ile dukani ulinionyesha tabia yako, nami nikacheka!"

"Hebu nisikilize..."

Alikata. Asger alibaki ameishika simu sikioni. Alimpenda mno yule mwanamke, na hakujua kosa limetoka wapi.

Mama Bodil akaongeza chumvi kwenye kidonda. Orodha imechezewa, alisema, na kama mkutano mkuu wa Jumapili utafika bila maelezo, bustani itachezewa bahati nasibu na watu wote zaidi ya mia mbili walioandikishwa. Yaani mti wa Vigga utolewe kwenye kofia!

Jumamosi mchana Asger alijifungia na kompyuta. Kila jina kwenye orodha lina kisanduku cha siri kiitwacho kipaumbele. Hujazwa na ofisi tu, kwa wale waliopoteza viwanja vyao barabara ilipopita, na mwenye chochote ndani yake hupandishwa juu. Kwenye jina lake Asger alikiacha wazi. Sasa ndani yake mlikuwa na herufi za ajabu: u, alama ya sawasawa, sifuri, mkato, i. Nani kaandika mdudu huyu? Alitafuta hadi alipofungua kile ambacho kivinjari chenyewe hutuma, akawaona wadudu walewale, akaruka kitini, kahawa ikamwagikia suruali.

"Nimekupata!" alipiga kelele, peke yake chumbani.

Jumapili ukumbi ulinukia kahawa na skonzi. Vigga aliketi nyuma, koti la manjano limefungwa vifungo hadi shingoni, macho dirishani. Asger alisimama mbele.

"Fomu ni barua," alisema. "Barua ina bahasha, na kivinjari huandika juu ya bahasha maagizo yake kwa mbebaji. Agizo moja linaitwa kipaumbele: ukurasa huu unatakiwa haraka kiasi gani. Kiunzi cha zamani kilisoma barua tu. Kipya kinasoma na bahasha, na kikikuta kisanduku chenye jina hilo kiko wazi, kinakijaza. Jina langu nimelifuta asubuhi. Msiniamini mimi, jaribuni wenyewe. Nani wa mwisho kwenye orodha?"

Kresten, mstaafu wa reli, aliinua mkono.

"Bwana Kresten, nimekufungulia dirisha, huisha jina lako kwa simu yako."

Kresten aliminya, akaminya tena. Ukutani jina lake likapaa kutoka mkiani hadi kileleni, ukumbi ukalipuka. "Naichukua bustani!" alipaza sauti. Asger aliweka mstari mmoja wa kukikataza kiunzi kugusa bahasha, akakisafisha kisanduku, Kresten akahuisha tena. Mkiani.

"Nimekuwa wa kwanza kwa dakika nne," alisema Kresten. "Nimeridhika."

Vigga alisimama. "Swali. Mbona hukutumia jina la kubuni?"

"Kwa uzembe. Mimi si mwizi, Vigga, ni mzembe, na uzembe wangu nusura ukunyang'anye mti wako. Naomba radhi mbele ya watu wote hawa."

Mama Bodil aligonga meza: thelathini na moja ni ya Rosendal. Tulipiga makofi hadi viganja vikauma. Vigga alikwenda mezani, akatia saini mkataba, akafuta machozi kwa mkono wa koti.

"Asger! Njoo."

Alikwenda, mkono wa sweta ukining'inia.

"Kisanduku cha pili hapa ni cha mwenza. Mama Bodil anasema naweza kukiacha wazi."

"Unaweza."

"Baada ya niliyoyasikia leo? Vikiachwa wazi vinajazwa na wapita njia." Alimkunjia ule mkono mrefu, akampa kalamu. "Jaza wewe. Kwa mkono wako, na herufi zisomeke."

"Vigga... unaniposa?"

"Unajaza, au nimwite Kresten?"

Alijaza. Jina likapanda juu ya mstari, lakini mimi niliyetia saini ya shahidi nililisoma bila miwani.