Mwanangu Yuko Kwaya

—Chukua nguo zako utoke! Nimechoka na chuki zako kwa mwanangu.

Fundi cherehani alilisukuma begi la mumewe hadi mlangoni. Mume, mchomelea vyuma, hakuliokota.

—Si chuki, mke wangu. Nimemwona mara tatu kwa wauza pombe, nyuma ya machinjio. Jumamosi, saa nane mchana.

—Saa nane yuko mazoezi ya kwaya! Kitabu cha mahudhurio hiki hapa, tiki kila wiki. Wewe kanisani hukanyagi, halafu unampaka matope mtoto anayesali?

—Nimemlea miaka kumi...

—Umemlea, hukumzaa.

Hapo ndipo bwana yule alipolibeba begi lake akaondoka. Mama alijua amevuka mpaka, ila akajipoza: mcha Mungu si mtovu. Mtoto wa miaka kumi na saba, katibu wa kwaya, majirani wanamtolea mfano! Nani angemwambia kitu?

Jumamosi iliyofuata, mazoezi yalipokwisha, alipeleka sare za kwaya kanisani.

—Mama, katibu wetu anaumwa? —mwalimu aliuliza. —Mwezi wa pili huu hatumwoni.

—Na kitabu?

—Kitabu alikaa nacho yeye. Sisi tulishaanzisha kingine.

Kabla mama hajafunga mdomo, ujumbe wa mumewe ukaingia: "Njoo hospitali. Niko na mtoto. Usivuke barabara kwa kukimbia."

Alikimbia. Alimkuta mumewe kwenye benchi, shati limeloa matapishi.

—Pombe ilikuwa na sumu. Walikunywa wanne. Wawili wamefariki. Wetu yu hai, ila macho...

—Ulimkuta wapi?

—Kulekule. Kila Jumamosi huenda kumtoa. Leo nimechelewa.

—Hata baada ya kukufukuza?

—Ulinifukuza wewe, siyo yeye.

Mama alilia mpaka akakaa sakafuni. Mlango wa wodi ulikuwa wazi, sauti ya mtoto ikawafikia.

—Mama, usimgombeze baba. Alinisihi nikwambie mwenyewe. Nikaogopa. Ulikuwa unanisifia kwa watu kila siku.

Akamshika mumewe miguu.

—Nisamehe. Rudi nyumbani, baba watoto.

—Nitarudi, atahitaji mtu wa kumshika mkono. Lakini lile neno lako bado linauma, sikufichi.

—Najua.

—Mama, —mtoto aliita tena, —mbona hawawashi taa?

Jua la saa kumi na moja lilikuwa limejaa wodini. Wakatazamana, kisha wakaingia pamoja kumwambia.