Picha Thelathini za Mashine

Duka la spea lilijaa hadi mlangoni, na kila mtu alikuwa akipaza sauti kwa wakati mmoja. Huyu anataka beringi, yule anataka mkanda wa mashine, mwingine amekuja kurudisha nati aliyouziwa jana. Katikati ya vurugu hiyo alisimama dada mmoja mrefu, ovaroli yake ya buluu imefuliwa mpaka ikapauka, kitambaa chekundu kichwani, ameinama juu ya kaunta kana kwamba yuko peke yake dukani. Mbele yake palikuwa na rundo la tupa za kunolea chuma. Aliokota moja, akaipitisha taratibu kwenye ukucha wa kidole gumba, akatega sikio, akaiweka kando. Akaokota nyingine.

"Dada, unanunua tupa au unachagua mchumba?" mwanamume mmoja aliuliza nyuma yake.

Hakugeuka. "Mchumba akiwa butu nitamrudisha kwao. Tupa ikiwa butu, mwenye duka huyu haipokei tena."

Watu wakaangua kicheko. Mwenye duka naye akacheka, ingawa si sana.

Ndipo dada akageuka. Akamwona kijana wa kimo cha wastani, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ikasimama, penseli imechomekwa nyuma ya sikio.

"Unanoa nini na tupa zote hizo?" kijana akauliza.

"Meno."

"Ya watu?"

"Ya misumeno. Niko kiwanda cha kuchambua pamba. Kuna misumeno ya duara themanini kwenye mhimili mmoja, inazunguka na kung'oa pamba kwenye mbegu. Meno yakiwa butu hayashiki pamba. Yakiwa makali kupita kiasi yanaikata. Kazi yangu iko hapo katikati."

"Unanoa kwa mkono?"

"Kuna mashine ya kunoa. Naiendesha mimi."

Macho ya yule kijana yakawaka. Dada aliona. Alipokuwa anatabasamu macho yale yalikuwa yametulia tu; yaliwaka lilipotajwa neno mashine. Akajisemea moyoni, huyu ana lake jambo. Lakini moyo nao ni mkaidi, hauombi ruhusa kwa mwenyewe. Alipoombwa namba ya simu, aliitoa.

Kiwandani walimwita Tupa, na si kwa sababu ya kazi tu. Msimamizi alikuwa akisema kwamba binti yule akikuuliza swali unaondoka umepungua. Aliishi na mama yake katika vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta, na mama ndiye aliyemfundisha kwamba mtu anayekusifu kabla hajakujua anataka kuazima kitu.

Naye Tupa alimpa yule kijana jina palepale dukani: Penseli. Penseli akampigia simu kesho yake asubuhi, na keshokutwa, na kila siku.

"Umeamkaje, msumeno wangu?"

"Msumeno hukata mbele na nyuma. Jihadhari."

"Acha unikate. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa. Na wewe unafanya kazi gani hasa? Wiki ya pili hii hujaniambia."

"Fundi."

"Fundi wa nini?"

"Wa vitu vinavyoharibika," akajibu huku anacheka, na Tupa akacheka naye. Simu ilipokatika aligundua kwamba hakujibiwa.

Mapenzi yakashika kasi. Penseli alikuwa na ucheshi usiochosha. Alikuja kumwona kiwandani saa ya mapumziko ya mchana, amevaa lile shati lake, anasalimia kila mtu mpaka mlinzi wa getini akamzoea. Siku ya kwanza Tupa alimwonyesha mashine. Ilikuwa ndogo, kama kasha la chuma, ikipanda juu ya mhimili na kuteleza kwenye reli mbili. Ulimi mwembamba wa chuma unasukuma jino moja, tupa mbili zinapita ubavuni mwake, ulimi unasukuma jino linalofuata. Tik, tik, tik, jino baada ya jino, msumeno baada ya msumeno, meno elfu ishirini na ushei.

Penseli aliinama akatazama kwa muda mrefu. "Huu ulimi una upana gani?"

"Umekuja kuniona mimi au kuona ulimi?"

"Ulimi wako naujua tayari, mpenzi. Wa mashine ndio mgeni kwangu."

Alipiga picha kwa simu. Alikaza nati moja iliyolegea. Aliandika vitu katika kijidaftari. Rafiki wa Tupa, yule anayepima pamba na kuipanga madaraja, ambaye wote walimwita Mama Pacha, alimtazama kupitia dirishani akatikisa kichwa.

"Mdogo wangu, mwanamume akija kumwona mwanamke huja na ua, au soda, au maneno. Huyu amekuja na rula."

"Anapenda mashine. Kuna ubaya gani?"

"Mimi simo. Lakini kikulacho ki nguoni mwako."

Jumamosi moja walikaa mgahawani, Tupa amevaa gauni la kijani lenye mikono mifupi na hereni alizoazima kwa Mama Pacha. Penseli akamsogezea simu. "Chagua picha yako unayoipenda, niiweke mbele ya simu yangu niione kila saa."

Tupa akaanza kupitisha picha. Mashine kutoka mbele. Mashine kutoka nyuma. Ulimi kwa karibu. Magurudumu ya meno, moja moja. Reli. Chini ya reli. Akahesabu mpaka thelathini. Yeye alionekana katika mbili tu, na moja ya hizo haikuwa na kichwa chake.

"Mpenzi, mimi niko wapi humu?"

"Si huyo hapo?"

"Huu ni mkono wangu."

"Mkono mzuri lakini."

Kabla Tupa hajajibu, simu ikalia mkononi mwake. Kwenye kioo liliandikwa jina moja tu: Malkia. Penseli akaipokonya, akatoka nje upesi. Tupa akahesabu mpaka kumi, akainuka kana kwamba anakwenda kunawa. Nyuma ya mlango alisikia wazi: "Bado hajajua chochote... Ndiyo, ananiamini... Nipe wiki moja tu, usimwambie mtu."

Aliporudi mezani, Penseli alikuta soda ya Tupa haijaguswa.

"Nani huyo?"

"Aa, mtu wa kazini."

"Kazini kwenu mna ufalme?"

Penseli akacheka peke yake.

Siku tatu baadaye Mama Pacha aliingia chumba cha mashine ameshika fundo la pamba. Alilivuta mbele ya macho ya Tupa, na nyuzi zikakatika vipande vifupi kama nywele zilizoungua. Marobota yote ya asubuhi ile yalikuwa yameshuka daraja. Msimamizi akafika nyuma yake, uso umekunjamana.

"Misumeno hii imenolewa lini?"

"Jana."

"Nani mwingine ameigusa mashine?"

"Kuna mtu alikaza nati."

"Mtu gani?"

"Mgeni wangu."

Ilipofika saa sita mlinzi alikuwa ameshapewa amri: yule wa shati jeupe asikanyage tena pale. Tupa alisimama nje karibu na ghala, akapiga simu.

"Umeniharibia mashine."

"Mimi? Tupa, kwa nini nifanye hivyo?"

"Muulize Malkia wako. Si ulimwomba wiki moja? Siku tatu zimetosha."

"Sikiliza, nitakueleza kila kitu, njoo tu..."

Akakata, kisha akaifungia namba ile. Nyumbani alimwambia mama kwamba moshi wa jikoni umemwingia machoni. Mama akatazama jiko. Lilikuwa halijawashwa.

Siku kumi na moja zikapita, unoaji umesimamishwa hadi chanzo kijulikane. Tupa aliifungua mashine yote, kila nati, kila springi. Ile nati aliyoikaza Penseli ilikuwa mahali pake, imekazwa vizuri kuliko zilizokazwa na yeye. Meno nayo yalikuwa sawa, umbo lake halina dosari. Basi pamba ilichanwa na nini?

Akaenda kwenye sanduku la mchanga. Kila mara misumeno ikishanolewa huzungushwa ndani ya mchanga laini mkavu, ili vichuma vidogo kama vinyweleo vilivyobaki kwenye meno viparuzwe vidondoke. Akatia mkono. Mchanga ulishikamana kama unga uliolowa. Akainua macho darini akaona tundu kwenye bati, dogo kama punje ya mahindi, njia ya mvua. Mchanga uliolowa haukuwa umeparuza chochote. Vinyweleo vilibaki, vikaichana pamba.

Na kukagua mchanga ilikuwa kazi ya nani? Yake. Kila siku, kabla ya kuzungusha. Siku ile hakukagua. Alikuwa ameshika simu, anasoma upya ujumbe wa Penseli kutafuta uongo ndani yake.

Akaenda ofisini akasema, "Kosa ni langu." Msimamizi akamwandikia barua ya onyo na kumfutia mgeni marufuku.

"Ungenyamaza tu," Mama Pacha alimwambia. "Nani angejua?"

"Mtu alifungiwa geti kwa kosa langu."

"Basi umesafisha jina lake. Rudianeni."

"Hilo nimesafisha. Lakini zile picha thelathini hazikupigwa na mchanga."

Jioni aliifungulia namba. Simu iliita mara moja tu.

"Tupa?"

"Sikukupigia kwa mapenzi. Nilikusingizia, na naomba radhi. Hukuharibu kitu."

"Asante."

"Sasa zamu yako. Picha zile za nini, na Malkia ni nani? Na usicheke."

Alisikia pumzi ndefu upande wa pili. "Njoo uone mwenyewe. Kesho, mchana kweupe. Njoo na mtu kama huniamini."

"Nakuja peke yangu. Nikija na mtu utamchekesha."

Karakana aliyoelekezwa ilikuwa mwisho wa mtaa wa mafundi magari, mlango wa chuma umepakwa rangi nusu. Aliyemfungulia alikuwa mwanamke mnene mwenye aproni ya ngozi, miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso.

"Karibu, wifi!"

"Wifi wa nani?"

"Wa kwangu, Mungu akipenda. Mimi ndiye Malkia. Jina nilijiandika mwenyewe kwenye simu ya mdogo wangu, maana angeniandika Dada tu." Akageukia ndani akapaza sauti. "Amekuja! Nilikwambia mficha uchi hazai, ungemwambia mapema badala ya kuniomba wiki moja!"

Katikati ya karakana, juu ya mbao mbili, ilikaa mashine. Ulimi, reli, magurudumu. Ilikuwa pacha wa mashine ya Tupa, ila nyembamba zaidi. Penseli alisimama kando yake, shati limejaa mafuta, macho chini.

"Baba yetu alinoa misumeno kwa mkono maisha yake yote," alisema. "Vidole vyake havinyooki. Wenye viwanda vidogo bado wanafanya hivyo mpaka leo. Tunataka mashine inayopandishwa kwenye pikapu, iwafuate huko waliko."

"Na vikubwa vikiona pikapu yenu, mnoaji wa kuajiriwa wa nini tena? Mimi nitakwenda wapi?"

"Hilo ndilo lililonifunga mdomo."

"Kwa hiyo ulinifuata kwa ajili ya mashine."

Dada mtu akafungua kinywa aseme neno. Penseli akamzuia kwa mkono.

"Ndiyo," akasema. "Mwanzoni, ndiyo."

Tupa alikuwa amejiandaa kwa uongo. Alikuwa na jibu la kila uongo.

"Na baadaye?"

"Siku ile ulipozungusha mhimili kwa mkono, ukafumba macho, ukasema kuna jino moja limepinda, na kweli likawepo. Nilisahau kupima. Nikatoka pale bila kipimo hata kimoja, na dada akanigombeza."

"Nilimgombeza," dada akathibitisha.

Tupa alimtazama huyu, akamtazama yule. Ndugu hushikamana. "Iwasheni."

Wakaiwasha. Mashine ikatembea juu ya msumeno mkuukuu, tik, tik, titik, tik. Tupa akafumba macho. Mara ya pili akajua. Ulimi ulikuwa unasukuma kabla tupa hazijainuka, kila baada ya meno matatu. Kwa hali ile wangeharibu misumeno ya watu wote.

"Mwezi mzima inaruka hivyo," Penseli alisema. "Hatuoni kwa nini."

"Mimi nimeona."

Wote wawili wakamkazia macho.

"Sisemi," Tupa akasema. "Nilikupa mashine yangu bila kujua. Sikio langu silitoi hivyohivyo. Nitasema siku nitakapokuwa mwenzenu humu, si mgeni wa kupigwa picha za mkono. Nataka ufunguo."

Penseli akatia mkono mfukoni. "Wa karakana au wa nyumba? Maana wa nyumba nao nilikuwa nautafutia maneno. Tupa, nataka kukuoa."

Dada akaziba mdomo kwa aproni. Tupa alihisi uso unawaka, lakini sauti yake haikutikisika.

"Tuanze na wa karakana. Wa nyumba nenda kamwombe mama, na uende umejiandaa. Mimi ndiye mpole kwetu."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Hiyo ni nenda kwa mama."

Penseli akamwekea ufunguo kiganjani. Tupa aliutazama pande zote mbili, kisha akatembea mpaka kwenye mlango ule wa rangi nusu, akautia kwenye kitasa, akafunga, akafungua, akafunga tena, akafungua. Aliporudi alikuwa ameshakunja mikono ya ovaroli.

"Haya," akasema. "Leteni spana ndogo."