Gari Lisilokohoa

Foleni ya magari ya umeme ilikuwa imemwagikia barabarani, maana kituo kizima kilikuwa na mashine mbili, na moja mbovu. Fundi cherehani, gauni la zambarau limemkaa sawasawa, alishuka kwenye teksi aliyokodi huku amekumbatia shela la mteja. Ndipo akamwona, ameegemea gari jeupe lililochomekwa waya: dereva aliyemkimbia, mtaa mzima ukapata la kusema.

"Mambo, malkia?"

"Malkia wako nani? Jumapili ile mama kapika, mashangazi wamejaa sebuleni wanamngoja mchumba aje kujitambulisha. Kimya!"

"Mimi? Nilikaa ndani ya gari getini kwenu tangu mchana mpaka giza likaingia! Nikaona pazia linatikisika, hakuna aliyetoka. Nikajua nimekataliwa. Kesho yake napiga simu, umeshanifungia."

"Muongo! Tungekusikia. Gari lako likikata kona tu..."

Wote wawili wakaligeukia lile gari jeupe.

Zamani dereva alikuwa na Kikohozi, teksi kuukuu iliyoanza kukohoa tangu kwenye duka la mkaa, mwanzo wa mtaa wa kina fundi. Hakuwahi kupiga honi wala simu. Ikikohoa tu, mama alizima redio, wadogo mtu wakaimba "Shemeji! Shemeji!" na fundi akaacha cherehani, akapaka wanja mbio mbio. Moshi ulifika mpaka jikoni, na hakuna aliyelalamika.

"Siku ile ulikuja na hili?"

"Ndiyo kwanza nimelichukua. Nilitaka kuwashangaza wakwe."

"Umewashangaza kweli." Cheko lilimtoka pamoja na chozi. "Mpenzi, nyumba nzima tulikuwa tunasikilizia kikohozi."

"Hata mimi namkumbuka Kikohozi. Yeye nilikuwa namnywesha mafuta, tunaondoka. Huyu analazwa kama mgonjwa wa dripu."

"Wee mwenye gari jeupe!" foleni ikapiga kelele. "Limejaa hilo, chomoa! Mapenzi hayachaji betri!"

Akachomoa, lakini hakuwasha. Teksi ya fundi ilikuwa bado nyuma kabisa, chaji imeisha.

"Panda, tulifikishe shela. Halafu... mama bado ana hasira na mimi?"

"Hataki hata utajwe. Na mashangazi wameshaanza kunitafutia mwingine."

"Basi nipeleke leo hii. Akinifukuza, anifukuze ananiona."

Jioni gari jeupe lilisimama getini, limenyata kama paka. Dereva akanyoosha mkono apige honi, fundi akaushika.

"Hapana, baba. Waite kama zamani."

Dereva akashusha kioo, akakinga viganja mdomoni. "Kho! Kho-kho-kho... khooo!"

Ndani, redio ikazimwa. Pazia likatikisika.

"Shemeji! Shemeji!"

Kisha ikaja sauti ya mama, kavu, lakini mlango ukiwa tayari umefunguliwa:

"Kumbe hicho kikohozi hakijapona? Mleteni ndani apewe chai."