Shimo la Akina Duale

Filimbi ya asubuhi ilipolia, lango la ua wa miiba lilifunguliwa na mbuzi wakaanza kutoka wakisukumana. Hooyo, mama yake Kaltun, alitoka nao. Ndivyo siku zilivyoanza katika mwaka ule wa 1967, baada ya serikali kuwakusanya wafugaji wa pande za Garissa katika vijiji vyenye ulinzi ili wasionane na mashifta, waasi waliopigana na serikali. Mchana ulitoka na mifugo kwa ruhusa; kabla ya jua kutua sharti uwe ndani.

Kaltun, msichana wa miaka kumi na miwili, alibaki na kazi mbili: kusoma, na kumwangalia mdogo wake Duale, aliyekuwa na miaka minne na miguu isiyotulia. Bibi yao, Ayeeyo Maka, alikuwa na magoti mabovu na asingeweza kumkimbiza mtoto. Kwa hiyo Kaltun alizifanya kazi zote mbili kwa pamoja. Alibana daftari kwapani, akamshika Duale mkono, wakaenda shule.

Shule yenyewe ilikuwa banda lisilo na kuta, lililoezekwa kwa mabati chakavu. Wasichana watano waliokuja na wadogo zao walikaa nyuma. Jumatano hiyo, Mwalimu Koricha akiwa ubaoni, Duale alisimama, akapandisha shuka yake, akakojolea nguzo. Mkojo ukatiririka hadi kwenye daftari la Fatumo, mmoja wa wasichana hao. Darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. Kwa muda mrefu alikuwa akifundisha huku amefunika pua kwa kitambaa, maana pale nyuma ya banda ndipo watoto wote wadogo wa kijiji walipojisaidia. Nzi walikuwa wengi kuliko wanafunzi.

"Nimevumilia vya kutosha," alisema. "Kuanzia Jumatatu, hakuna kuja hapa na mtoto mdogo."

Kaltun alifunga daftari lake. Alisimama. "Mwalimu, nikimwacha Duale hakuna wa kumwangalia. Basi hata mimi sitakuja tena."

"Najua, Kaltun. Nasikitika. Lakini nitafundishaje katika harufu hii?"

"Na wakiacha kukojoa hapa?"

Mwalimu Koricha alimtazama kidogo. "Wakiacha, sina neno nao. Una hadi Jumatatu."

Nyumbani, Ayeeyo Maka aliposikia habari hiyo alicheka hadi akakohoa. "Huyo mwalimu wenu anataka kumfunga mtoto kamba? Mtoto ni mtoto. Mimi nimelea saba, na wote walikojoa palepale waliposimama."

"Lakini, Ayeeyo, nyinyi mlikuwa mnahama."

"Ndiyo. Leo hapa, mwezi ujao kwenye malisho mengine karibu na Habaswein. Tuliliachia jua na upepo, tukirudi pamekuwa safi."

"Sasa hatuhami," alisema Kaltun. "Tuko mahali pamoja tangu mvua zilizopita."

Ayeeyo alisema tena kwamba mtoto ni mtoto, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kaltun hakukata tamaa. Vyoo vya watu wazima vilikuwa upande wa pili wa kijiji, mashimo marefu yenye magogo juu yake, na watoto wadogo waliogopa kutumbukia. Haki yao kuogopa. Hata Kaltun aliogopa. Wale wadogo walihitaji choo chao chenye shimo dogo. Alhamisi baada ya masomo alichukua kijiti na bakuli lililopasuka, akaenda mahali palipojificha karibu na ua wa miiba, akaanza kuchimba.

Hapo alikosea. Hakufikiria jinsi askari wangemwona mtu akichimba peke yake kando ya ua wakati wa vita. Filimbi ililia, na kabla hajainuka, koplo wa lango alikuwa mbele yake.

"Nani amekutuma? Unataka kuficha nini hapa?"

"Hakuna kitu, afande. Nachimba choo cha watoto."

"Choo cha watoto!" Koplo aliangaza macho kushoto na kulia. "Watoto wenu wanakojoa hata kwenye matairi ya lori letu. Tangu lini wana choo?" Alilifukia shimo kwa buti lake. "Nisikuone tena hapa."

Kaltun alirudi nyumbani. Alilia kwa hofu, na zaidi kwa hasira, kwa sababu alikuwa amesema kweli na hakuaminiwa.

Alasiri hiyohiyo Ayeeyo Maka alitawadha kwa kikombe kimoja cha maji. Maji yalikuwa ya zamu, debe moja kwa nyumba kwa siku. Alitandika mkeka wake kivulini, akainua mikono kuanza swala. Mara Duale akaja mbio akifukuza kuku, akasimama kando ya mkeka, akakojoa. Matone yakaruka kwenye vazi la bibi.

"Subhanallah! Duale!"

Ayeeyo alibadili nguo, akavaa vazi lake moja tu lililobaki safi, akauchukua mkeka, akasogea hatua kumi kama alivyozoea porini. Hapo palikuwa pamelowa. Akasogea nyuma ya nyumba ya jirani. Hapo palinuka. Alienda huku na huku na mkeka wake begani, mzee wa watu, na kila kivuli alichokifikia kilikuwa kimetangulia kukojolewa. Mwishowe aliswali juani, katikati ya njia, watu wakimpita.

Alipomaliza hakuinuka. Kaltun alipomkaribia alimkuta akipangusa machozi kwa ncha ya ushungi wake.

"Nimekosa mahali pa kumsujudia Mola wangu," alisema. "Nionyeshe ulipokuwa unachimba."

Ijumaa asubuhi wawili hao walisimama langoni, Ayeeyo na fimbo yake, Kaltun nyuma yake. Kiswahili cha Ayeeyo kilikuwa cha sokoni, lakini hakikuwa na woga.

"Wewe askari! Mimi nataka shimo."

"Shimo la nini, mama?"

"Ya mtoto kukojoa. Yeye kukojoa kwa mkeka yangu, kesho kukojoa kwa kiatu yako. Wewe patia sisi shimo!"

Koplo alijaribu kujizuia, akacheka. Kisha akamgeukia Kaltun, na safari hii sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Kumbe ulikuwa unasema kweli."

"Ndiyo, afande. Kosa langu ni kuanza bila kuomba ruhusa."

"Basi mchimbe mbali na ua, hatua thelathini, mahali ninapoona. Tena mbali na tangi la maji. Kesho mje mchukue beleshi na sururu."

Jumamosi Kaltun, Fatumo na Amino, mwenzao aliyekuja shule na mdogo wake, walichimba tangu lango lilipofunguliwa. Ardhi ilikuwa ngumu, sururu ilidunda, viganja vikavimba malengelenge. Amino alitaka kuacha walipofika magotini.

"Pumzika," Kaltun alimwambia, "lakini usiende. Jumatatu haitatungoja."

Kufikia adhuhuri walikuwa na shimo lenye mdomo mdogo, ambalo mtoto hawezi kutumbukia. Walilizungushia mikeka ya zamani ya nyumba, wakaweka kopo la jivu la kumwagia, kisha wakafagia nyuma ya banda.

Kazi kubwa ikawa Duale mwenyewe. Mara ya kwanza alikojoa nje ya mikeka. Mara ya pili alikojolea mikeka yenyewe. Kaltun alitamani kumzaba kofi, na alikuwa ameshainua mkono, lakini alimwona anavyomtazama bila kuelewa kosa lake, akaushusha. Alikumbuka mchezo ambao Duale aliupenda kuliko yote, kujifanya koplo.

"Duale, wewe ndiye afande wa shimo. Kila mtoto akibanwa, mpange foleni. Na afande hutangulia kuonyesha."

Jumapili yote kijiji kilisikia sauti nyembamba ikipiga kelele, "Foleni! Foleni!" Watoto wadogo walijipanga hata bila kubanwa.

Jumatatu Mwalimu Koricha aliwaruhusu kwa majaribio. Katikati ya somo Duale alisimama, akashika shuka yake. Wanafunzi wote wakageuka kumtazama. Kaltun akaweka kalamu chini.

"Abaayo!" Duale alimwita dada yake. "Foleni!" Akatoka mbio hadi kwenye mikeka, na wadogo wengine wanne nyuma yake.

Mwalimu alitoa kitambaa puani, akakikunja na kukitia mfukoni. "Kaltun, njoo ubaoni utufanyie hesabu hii," alisema. Kaltun alikwenda huku machozi ya furaha yakimlengalenga.

Adhuhuri, Ayeeyo Maka alitandika mkeka wake kivulini nyuma ya banda, pakavu na safi, akaswali bila haraka. Kisha akawaita wasichana.

"Mimi nilisema mtoto ni mtoto, na nilicheka," aliwaambia. "Mtoto hana kosa, hajui. Kosa ni la mkubwa anayeona, akacheka, asimwonyeshe. Watu wakiishi pamoja, hata mkojo wa mtoto mdogo unamfikia jirani."

"Na ua ukiondolewa, Ayeeyo, tukahama tena?" aliuliza Kaltun.

"Inshallah tutahama. Na kila tutakapotua, kabla ya kujenga nyumba, tutachimba shimo." Alimshika viganja vyenye malengelenge, akavibusu. "Siku hiyo nitachimba mimi."